Fundi Aliyewapima Wachezaji

Fundi hakuwahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja, na hilo halikumzuia kuwa mtu aliyesikilizwa kuliko wote pale Fereej Bin Mahmoud, mtaa wetu wa Doha, kila ilipofika zamu ya timu yetu kuchagua mchezaji mpya. Alikuwa fundi cherehani. Duka alilofanyia kazi lilikuwa chini ya ghorofa tulilopanga wengi wetu, katikati ya bakala, yaani duka la vyakula, na kinyozi, na kutoka kwenye kile kiti chake aliwajua vijana wote wa Kiafrika wa mtaa ule kwa viuno, mabega na miguu yao. Majina aliyasahau. Ukimwambia fulani kapandishwa cheo kazini, atakuuliza fulani yupi. Ukimwambia yule ambaye bega lake la kushoto limeshuka, uso unamfunguka, anasema alhamdulillahi, yule kijana alistahili, suruali zake huwa safi.

Nilimjua kwa miaka saba. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya West Bay, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka walinifanya katibu wa timu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, ratiba na maamuzi, na maamuzi karibu yote yalifanyika dukani kwa Fundi, Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, mimi nikiwa kwenye benchi na daftari mapajani, na wanaume kumi au zaidi wamesimama katikati ya nguo zilizotundikwa.

Ligi yetu ni ya sisi kwa sisi, Watanzania, Wakenya na Waganda. Walinzi, madereva na watu wa hoteli. Ina timu nne, na huanza joto likishapungua. Kabla ya mechi ya kwanza, wageni waliofika Doha mwaka huo huandikisha majina, hucheza siku moja watu wawatazame, kisha timu huchagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia. Uchaguzi huo tunauita drafti, kama wanavyouita Wamarekani. Timu yetu imetangulia kuchagua miaka mingi.

Neno lenyewe ndilo lililomleta Fundi kwetu. Alisikia wateja wakisema Ijumaa kiwanjani kuna drafti, na yeye kwao Tanga drafti ni ule mchezo wa ubao na vizibo vya soda, na aliupenda sana. Akafunga kazi mapema, akaja na ubao kwapani na mfuko wa vizibo, akakaa kwenye ukingo wa kiwanja kusubiri mpinzani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Wachezaji wawili wa akiba walikubali kucheza naye, akawafunga wote wawili, na alipokuwa anapanga vizibo upya akanyanyua macho, akawaona wageni wakikimbia na mpira. Akauliza wale wanafanya nini. Akaambiwa wanachaguliwa. Akatazama kidogo, akauliza kwa nini watu wanamshangilia yule wa mbele wakati mikono yake ni mifupi.

Aliyeulizwa alikuwa Mutiso, Mkenya, dereva wa gari la wageni wa hoteli na kiongozi wa mashabiki wetu, mtu mwenye sauti inayofika mbali kuliko honi yake. Mutiso alicheka. Wiki tatu baadaye yule wa mbele alikuwa hajadaka mpira hata mmoja uliorudi kutoka ubao wa goli, kila mara vidole vyake vinaishia pale mpira ulipokuwa sekunde moja kabla, na Mutiso akaenda dukani mwenyewe kuuliza mzee amejuaje.

Basi tangu siku hiyo wageni wakawa wanapitishwa kwa Fundi. Alimsimamisha kijana katikati ya duka, akamwambia anyooshe mikono kama anayetaka kukumbatia jokofu, akampima kwa futi kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono ule. Kisha akampima urefu. Mikono ikizidi urefu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonjeshwa pilau iliyokolea. Isipozidi, alimuuliza kijana kama anahitaji kupunguziwa suruali, ili asiwe amekuja bure.

"Si mimi ninayesema," alikuwa akituambia tukianza kubishana. "Futi ndiyo inayosema. Pimeni kwanza, kelele baadaye."

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kerala aliyependa kriketi, na hakuelewa neno hata moja la mijadala yetu. Kila sauti zilipopanda alichungulia kutoka chumba cha nyuma na kuuliza kwa Kiarabu kama kuna tatizo, "Mushkila?" Fundi alimjibu bila kuinua kichwa kwamba hakuna mushkila, na mzee alirudi kwenye redio yake. Nadhani mpaka leo anaamini tulikuwa tunapanga mgomo.

Nisije nikamfanya aonekane mtu wa vipimo peke yake. Alikuwa na mambo yake yasiyopimika. Mchezaji wetu akipewa mitupo huru, Fundi aligeuka akatazama uzio. Ukimuuliza, alisema jua linamuumiza macho, hata kama limeshazama. Alisema pia kwamba kushinda na kushindwa kwake ni sawa, yeye anapenda kuona kazi nzuri tu, lakini Jumamosi baada ya kufungwa alikuwa hazungumzi na mteja. Alipokea nguo, akaandika tarehe kwenye karatasi, akaibandika kwa pini, akakuonyesha mlango kwa kidevu.

Na alikuwa na mke Tanga ambaye hajawahi kukanyaga Doha lakini aliwajua wachezaji wetu wote kwa mikono yao. Fundi alimpigia kila Ijumaa jioni kumweleza mechi. Siku moja alinipa simu nimsalimie. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, kisha kabla hata hajaniuliza habari za kazi akataka kujua kama yule kijana mlinzi bado anasahau mkono wa kushoto. Nikamwambia bado anausahau. Akasikitika kweli kweli.

Jezi zetu alizishona yeye. Alijitolea, akachagua kitambaa kizuri cha kijani, akashona kwa wiki nzima, na tulipozigawa tukakuta kila kaptura ina mifuko miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma wenye kifungo. Wachezaji wakalalamika. Fundi hakuelewa malalamiko. Aliuliza mtu ataweka wapi funguo. Basi tukacheza na mifuko, na katika mechi ya pili simu ya mchezaji wetu ikaruka kutoka mfukoni ikaanguka katikati ya kiwanja, ikaanza kuita, na mwamuzi akasimamisha mchezo hadi kijana amwambie mama yake atampigia baadaye. Kuanzia hapo timu nyingine zikatuita Mifuko. Mutiso alimwomba Fundi aishone mifuko ifungwe. Fundi aliifunga, mmoja mmoja, akiwa amenuna kama mtu anayeziba madirisha ya nyumba yake mwenyewe.

Alipokasirika alishusha sauti. Hilo lilichukua muda kulijua, kwa sababu sisi wengine tukikasirika tunapanda. Fundi akianza kusema chini chini hadi ukalazimika kumsogelea ili usikie, ujue umemkosea. Na uongo ulimkasirisha kuliko kitu chochote. Mteja akisema nguo imebana kwa sababu fundi amekosea, ilhali ni yeye aliyenenepa, Fundi alimpima upya mbele ya watu, akaisoma namba mara mbili, taratibu, kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa akisema kwamba mtu anayesema uongo kuhusu kiuno chake atasema uongo kuhusu kila kitu.

Ndiyo maana mwaka wa Ivan ulituchanganya sana.

Mwaka huo tulishika mkia kama kawaida, na kwa mara ya kwanza kushika mkia kulikuwa na faida. Miongoni mwa wageni alikuwamo Ivan, Mganda, mlinzi kwenye mnara mmoja wa West Bay, kijana mrefu kiasi kwamba alipoingia bakala alilazimika kuinama asigonge taa. Wenzake wa chumbani ndio waliomwandikisha. Hakucheza siku ya kutazamwa, alisema yuko zamu, lakini nani alihitaji kumtazama? Mutiso alimwona mara moja kwenye mlango wa ule mnara, akapaki gari, akashuka kumsalimia, na aliporudi dukani alikuwa kama mtu aliyechumbia.

Kulikuwa pia na Haji, Mzanzibari, mfupi, mwosha vyombo wa hoteli, aliyeteleza na mpira kama samaki na ambaye hakunyamaza hata akiwa anakimbia. Kila pasi aliitangaza. Kila kosa alilieleza lilivyotokea. Alikuwa mzuri, lakini kumweka kando ya Ivan kulikuwa kama mzaha, na Ijumaa ya kwanza ya mjadala wachache tu walimtaja.

Tulimngoja Fundi aseme lile tulilolijua. Ivan alikuwa ameshapita dukani siku mbili kabla, kuleta suruali za sare zirefushwe, na Fundi alikuwa amempima. Mikono yake ilizidi urefu wake kwa kiasi ambacho Fundi alikuwa hajawahi kukiona. Alikiri hilo mwenyewe, na watu wakashangilia. Kisha akasema tumchukue Haji.

Ilidhaniwa amekosea jina, kwa vile majina huyachanganya. Mutiso akamsahihisha. Fundi akasema hapana, Haji, yule wa Unguja, anayesema sana. Akaulizwa na Ivan je. Akawa anapapasa futi iliyokuwa shingoni, akasema mikono ya Ivan imezidi.

"Imezidi nini?" Mutiso akauliza.

"Imezidi. Mkono ukiwa mrefu mno, unachelewa kurudi."

Duka zima likacheka, kwa kuwa tulifikiri ni utani. Hakuwa anatania, au angalau hakucheka. Ijumaa iliyofuata akaja na sababu nyingine, kwamba mtu mrefu kiasi kile atahitaji jezi yenye kitambaa cha watu wawili na kitambaa cha kijani kimeadimika. Mara nyingine akasema Ivan ana macho ya usingizi. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha kupima kwanza na kupiga kelele baadaye. Niliandika hoja zake kwenye daftari kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nilipozisoma tena nyumbani nikamwonea aibu.

Siku ya kupiga kura alisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akatukumbusha yule mpiga deki wa Kisumu, mgeni wa mwaka mmoja wa nyuma ambaye hakuna aliyemtaka ila yeye, na jinsi alivyotokea kuwa mchezaji mzuri. Akawataja wengine wawili. Akasema kwa miaka yote hajawahi kuomba, lakini leo anaomba. Ndipo Mutiso akasema lile lililokuwa vinywani mwa wengi.

"Fundi, tuambie ukweli tu. Si ni vile Haji ni mtu wa kwenu? Wa pwani, mnaswali pamoja. Sema tu, hakuna atakayekulaumu."

Nilimtazama Fundi. Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nilisubiri sauti ishuke, nilisubiri tumsogelee tusikie. Alikaa. Alichukua sindano, akajaribu kutia uzi, ukakataa, akaulowesha kwa ulimi, akajaribu tena. Mzee wa Kerala akachungulia kuuliza kama kuna mushkila, na safari hii hakurudi kwenye redio yake.

Haji alishinda kwa kura kumi dhidi ya tisa. Waliompigia hawakushawishika na hoja. Walimlipa mzee heshima aliyokuwa amejiwekea kwa miaka, na ilionekana wazi kwamba ameimaliza yote siku hiyo. Mimi nilimpigia Ivan.

Hakuishia hapo. Siku mbili baadaye alikwenda hadi Al Thumama, mtaa wa mbali ambako hakuwa na shughuli, akaketi na mashabiki wa timu ya kule iliyokuwa ichague baada yetu, akanywa nao chai ya maziwa, akawaambia ile ya mikono inayochelewa kurudi. Watu wa Thumama walijua ndiye mpimaji wa Bin Mahmoud. Walijiuliza, ikiwa Mifuko wenyewe wamemwacha mtu mrefu kama yule, lazima wamegundua kitu. Wakamwacha. Timu ya tatu ikaona mbili zimemwacha, ikaogopa. Ya nne vilevile. Hivyo ndivyo mtu mrefu kuliko wote kati yetu alivyobaki bila timu, na Haji akavaa jezi yetu, mifuko ikiwa imefungwa.

Haji alicheza vizuri akiwa na mpira na kuongea vizuri zaidi akiwa hana. Msimu ulipokwisha tulikuwa wa pili kutoka mkiani, mafanikio makubwa ambayo hayakumridhisha Mutiso hata kidogo. Aliacha kuja dukani. Nguo zake alizipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa pili, akirudi na kola zilizopinda. Wengine nao wakafuata. Ijumaa nyingi benchi lile tulilikalia watatu au wanne. Fundi hakulalamika, ila aliniuliza mara moja kama Mutiso bado ana lile koti la kijivu, maana bitana yake ilikuwa karibu kuachia.

Mwaka ukapita. Joto lilipopungua tena, Ivan akaja dukani Ijumaa moja, sote tukiwepo, hata Mutiso, ambaye kampuni yake ilitaka sare zipunguzwe siku ileile na fundi wa mtaa wa pili alikuwa likizo. Ivan akainama asigonge taa, akatusalimia, akasema amebadilishiwa kazi. Sasa yuko chumba cha kamera. Anakaa kwenye kiti saa zote kumi na mbili. Tukampongeza. Kisha akasema kuna jambo, na sasa anaweza kulisema.

Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, kwa hiyo alilisema polepole. Alipokuwa shuleni kwao alianguka uwanjani akakatika kitu ndani ya goti la kulia. Daktari alimwambia kutembea atatembea, kuruka asiruke tena. Aliajiriwa kwa sababu kwenye kupimwa afya hakuna aliyemwambia aruke. Wenzake wa chumbani walimwandikisha kwenye ligi bila kumuuliza, na msimamizi wake kazini akafurahi, akasema atakuja kumtazama akicheza. Angekataa, angeulizwa sababu. Angecheza, goti lingemaliza kazi. Yote mawili yalikuwa na ndege ya kurudi Entebbe mwishoni.

"Huyu mzee alipima suruali," akasema. "Akapima paja la kushoto, akapima la kulia, akarudi tena la kushoto. Akaniuliza, kijana, huu mguu una nini? Sikuwa nimeambia mtu. Nikamwambia yeye."

Paja la kulia lilikuwa jembamba kwa inchi mbili. Futi ndiyo iliyosema. Na kwa kuwa nusu ya mashabiki wetu walikuwa walinzi, wawili wakifanya kazi chini ya msimamizi huyohuyo, Fundi alifanya hesabu yake akaona hakuna hata mmoja wetu wa kuambiwa.

Ivan alimaliza, akamshika Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, ule mkono wa fundi ukapotea ndani. Hakuna aliyejua atazame wapi. Mutiso alikuwa ameshika furushi la sare kifuani. Aliliweka mezani, akatoka.

Alirudi kesho yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata sketi. Alileta suruali nyeusi, mpya, akaitandaza mbele ya Fundi. Fundi akaigeuza, akakagua upindo, akakagua zipu, akamsimamisha Mutiso akampima kiuno, kisha mguu. Akasema hii suruali haina tatizo.

"Najua," Mutiso akasema.

Halafu Fundi akasema kwa kuwa imeshafika, basi, atakaza vifungo, na lile koti la kijivu alilete pia kabla bitana haijamwaibisha mbele ya wageni wa hoteli. Mutiso akasema atalileta. Hiyo ndiyo samahani pekee niliyowahi kuishuhudia kati yao, na nadhani iliwatosha.

Mimi sikutosheka. Nilimuuliza, kwa nini hata mimi hakuniambia, mimi katibu, niliyemwandikia zile hoja za kipuuzi moja baada ya nyingine. Alikuwa anakata uzi kwa meno. Alisema niliyoandika yalikuwa mabaya kweli, hasa lile la kitambaa, hilo linamuumiza mpaka leo. Kisha akaacha utani, akasema nami kama mtu mzima.

"Mwanangu, mimi nilionyeshwa ule mguu kwa ajili ya suruali," akasema. "Sikuonyeshwa kwa ajili ya drafti."

Nikamuuliza na uongo je, yeye anayewapima watu upya mbele ya wengine kwa sababu ya inchi moja ya kiuno. Akasema ameshauungama kwa Mungu, na kwa mke wake pia. Kwa Mungu, alisema, ana matumaini. Mke wake ndiye aliyekasirika, kwa sababu kwa mwaka mzima alikuwa amewaambia majirani huko Tanga kwamba mkono ukiwa mrefu mno unachelewa kurudi.

Lile ghorofa la Bin Mahmoud likauzwa baadaye, wapangaji tukatawanyika. Mzee wa Kerala alirudi kwao. Fundi tukasikia amepata kazi kwenye karakana ya sare huko Al Thumama, na mimi nilihamia kwenye nyumba ya wafanyakazi wa hoteli upande mwingine wa mji. Tulitumiana salamu za sikukuu. Kuonana ilikuwa kila mara ni wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa karibu miaka miwili.

Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda Thumama Ijumaa moja kumtembelea rafiki yangu anayefanya kazi kwenye nyumba ya familia moja kule, na siku hiyo ndiyo yake ya kupumzika. Badala ya kunipeleka kula, akanipeleka kiwanjani. Wanawake walikuwa wanacheza. Wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa majumbani, walinzi wawili wa kike, wengine wamevaa mitandio wameifunga kwa nyuma, wengine raba za kuazima. Ndege zilikuwa zinashuka juu yetu, moja baada ya nyingine, zikielekea uwanja wa ndege, na kila ilipopita moja wachezaji walinyamaza kisha wakaendelea na kelele pale walipoachia. Rafiki yangu aliniambia ndiyo wanaanza, timu ni mbili, na leo wanachagua wageni watatu.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji katikati ya watu wa Thumama, miwani mipya usoni, mgongo umepinda zaidi. Nikamwamkia. Aliitikia kwa heshima, akanitazama mabegani, akaniuliza kama bado natumia zile pasi kubwa za mvuke, maana bega la kulia limepanda. Nikamwambia bado. Nikamuuliza amehamia timu ya Thumama lini, bila hata taarifa. Alisema hajahamia timu yoyote. Amehamia nyumba, na kiwanja kiko karibu na nyumba.

Tukatazama. Akanionyesha wale watatu kwa kidevu: Mganda mmoja mrefu wa Mbale, msichana wa Mombasa aliyedunda mpira kama anapiga ngoma, na mwingine wa Dodoma, mnene kidogo, ambaye hakuwa na cha kumtofautisha.

"Katibu," akasema, "wewe ungemchukua nani?"

Nilitaka kujibu sawasawa. Nilitazama hadi ndege mbili zikapita. Nikasema ningemchukua wa Dodoma. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna yule mdogo mwenye raba za kuazima, tangu tuanze kutazama hakuna anayempa mpira, na mara tatu sasa wa Dodoma amempa.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Alimtazama yule wa Dodoma kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni na kurudi juu.

"Umekosea," akasema.

Kisha akasogea, akapangusa saruji kwa kiganja pale kando yake.

"Kaa hapa, unieleze tena."